Nyumba ya Kunyamaza

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba. Jino la nyangumi, lile la kupelekea ombi zito, kwetu hufungwa kamba iliyosukwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, nene, ya kahawia, na kamba hiyo huzeeka pamoja na jino. Hili lilikuwa na kamba ya nailoni ya bluu, iliyopigwa fundo kama mdomo wa gunia. Nikajua limenunuliwa dukani, pengine duka la rehani huko mjini Suva, na aliyelifunga hakuwa mtu wetu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Ndani, Mjomba Inoke, kaka yake marehemu mama, alikuwa amepiga magoti mbele ya baba, jino limelala juu ya viganja vyake. Nyuma yake aliketi Bi Corinne, Mzungu wa Newcastle aliyekodi ardhi ya ukoo wetu kule juu mtoni akajenga nyumba ya wageni wanaokuja kutuliza akili. Alikuwa amekunja miguu upande mmoja kama alivyofundishwa, na machozi yalimlengalenga. Lugha yetu haijui. Mtu asiyejua lugha huzungumziwa na mwingine, na siku ile aliyemzungumzia alikuwa mjomba.

Mjomba alianza kwa maneno ya siku zote. Aliisalimu nyumba, akawasalimu waliolala makaburini, akasema jino lenyewe ni dogo na halistahili. Kisha akashusha sauti. Akasema jino limekuja na ombi. Mwenye jino anamwomba Vasiti, binti wa nyumba hii, abaki kule juu mtoni awe mtu wao, asiende mbali.

Vasiti ni mimi.

Chai ilimwagika kidogo kwenye sinia. Hakuna aliyeona. Baba alinyoosha mikono, akalipokea jino, akalisogeza karibu na uso wake, akasema amelipokea pamoja na maneno yake yote. Wazee wakapiga makofi yale mazito, ya viganja vilivyokunjwa kama bakuli. Makofi yakiisha, jambo limekwisha. Hakuna wa kusema tena ngoja kidogo.

Bi Corinne alitabasamu kwa kila mtu. Nilimpelekea chai. Alinishika mkono akaubana, nami nikadhani ananishukuru kwa kuwa nimekuwa wake.

Hakuna aliyejua mimi nilikuwa na safari yangu. Au tuseme, baba alijua nusu. Mama Mdogo Sainimere, mdogo wake mama, anashona sare za shule huko Labasa. Ana vyerehani kwenye chumba kilicho nyuma ya soko, na alikuwa amempigia baba simu akasema, "Nipe huyo mtoto nimfundishe kazi, macho yake ni mazuri na hana kelele." Baba akajibu, "Tutaona baada ya Pasaka." Niliacha shule nikiwa darasa la sita, mama alipougua akalala kitandani na wadogo zangu wakahitaji mtu wa kuwapikia. Sikuacha kwa kutopenda. Sasa wadogo wamekua, wanajipikia, wanagombana wenyewe. Nilikuwa nimeanza kukata magazeti ya zamani kwa umbo la kola na mikono ya shati, nikiyaficha chini ya godoro. Pasaka ilikuja, na kabla haijapita vizuri likaja jino.

Tangu mwanzo nilikuwa nikifanya kazi kule juu, kufua mashuka na kufagia. Baada ya jino, baba aliniambia niende mapema zaidi, kwa sababu mtu aliyeombwa kwa jino haendi kama kibarua. Basi nikawa nafika kabla ya jua kuwa kali, naketi nyuma ya ukumbi kusubiri wageni wamalize kukaa kimya ili nifagie. Siku moja Bi Corinne aligeuka akaniona. Akanitazama muda mrefu. Nilikuwa sijafanya lolote, nimeangalia sakafu tu, kama ninavyofanya mahali popote penye watu. Akaja, akanishika bega, akanipeleka mbele na kuniketisha kwenye mkeka wake mwenyewe.

"Mtazameni," akawaambia wageni. "Hajaribu. Yeye yupo tu."

Kiingereza changu ni cha darasani mpaka pale nilipoishia, na kilichobaki nimekiokota jikoni kwake. Hayo niliyaelewa.

Tangu asubuhi ile nikawa nakaa mbele. Kundi moja likiondoka linakuja jingine, watu wa Melbourne, wa Auckland, wa Brisbane, wanashuka kwenye boti na mabegi ya mgongoni, wanatia simu zao ndani ya kikapu, na hawazungumzi tena mpaka siku ya mwisho. Wanatembea peku msituni wakiangalia wanapokanyaga. Wanakaa chini ya maporomoko mpaka midomo inageuka rangi. Wanapewa kipande cha papai, wanakitafuna polepole hadi nzi wanachoka kuwasubiri. Na kila asubuhi wananitazama mimi.

Binamu yangu Kelera, binti wa Mjomba Inoke, anafanya kazi jikoni. Kelera mdomo wake haulali.

"Shikamoo, Mtakatifu Vasiti," alikuwa akiniambia nikipita. "Leo umewaombea? Mimi goti linauma."

"Niache."

"Hee, sanamu linasema! Niite wageni?" Kisha ananong'ona, "Lakini wewe, ukikaa pale unafikiria nini? Usinidanganye."

"Kola."

"Kola gani?"

"Ya shati. Inavyogeuzwa ikae bila kukunjamana."

Kelera alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya viazi. "Watu wamepanda ndege kuja kutazama kola!"

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nikishona kichwani. Siafu alinipanda mguuni nisimguse, kwa sababu macho yote yalikuwa kwangu, na mgeni mmoja mwanamke akalia alipoona sikumgusa yule siafu. Baadaye Bi Corinne akasema hilo lilikuwa somo kubwa kuliko yote ya wiki ile. Mimi nilikuwa na alama nyekundu hadi Jumapili.

Kijiji nacho kilipata taabu yake. Njia ya kutoka ufukweni kwenda kule juu inapita katikati ya nyumba zetu, na kwetu mtu anayekula na mlango wazi lazima amwite anayepita. "Njoo ule!" Usipoita umemtukana. Akipita bila kujibu amekutukana. Wageni wakaambiwa na Bi Corinne wasijibu chochote, ukimya huanzia kwenye boti. Basi wakawa wanapita mstari mmoja, macho chini, na kina mama wanaita mlango kwa mlango bila kujibiwa, kama watu wanaowaita wafu.

Bi Mereoni, jirani yetu, mjane mwenye kifua kikubwa, hakuvumilia. Siku moja alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Wewe mkubwa uliye nyuma! Njoo ule! Mama yako angekuona angelia!"

Mgeni wa mwisho kwenye mstari, mwanamume mnene anayeitwa Desmond, alisimama. Akawatazama wenzake wakiishia kwenye migomba. Akamtazama Bi Mereoni. Halafu akainama akaingia.

Alikula magimbi na majani yake kwa tui, akala samaki, akaongezewa, akafungua kifungo cha kaptura. Hakusema neno, kwa kuwa alikuwa ameahidi kunyamaza, lakini alikuwa anatikisa kichwa kila Bi Mereoni alipomwuliza kitu.

"Una mke?"

Akatikisa kichwa, hapana.

"Unamtaka?"

Watoto waliokuwa dirishani walianguka kwa kicheko.

Jioni Bi Corinne alikuja kwa baba pamoja na mjomba. Alikuwa mpole sana. Alisema anaupenda ukarimu wetu kuliko kitu chochote duniani, ila wageni wamekuja kutafuta ukimya, na sauti zinawavuta nje ya nafsi zao. Mjomba akatafsiri.

"Nitawaambiaje watu wasikaribishe?" baba akauliza.

"Waambie wafunge milango, shemeji. Mlango ukifungwa huna deni la kuita."

"Na joto hili?"

"Wewe tayari umeiva, shemeji. Joto litakufanya nini?"

Baba akacheka, kwa sababu mjomba ni shemeji yake na mashemeji hawakasirikiani. Lakini milango ilifungwa. Siku za boti, mchana, kijiji kizima kinakaa ndani na milango imefungwa, jasho linatiririka, watoto wamezibwa midomo, tunakula kwa kunong'ona ndani ya nyumba zetu wenyewe, na nje tunasikia nyayo za wageni zikipita. Nilipokuwa kule juu nilikaa kimya. Nilipokuwa nyumbani nilikaa kimya. Hapakuwa na mahali pa tatu.

Kisha Mama Mdogo akapiga simu. Hakumpigia baba, alimpigia Kelera, na Kelera akaja nayo mbio hadi kwenye kamba za kuanikia mashuka.

"Vasiti, mwanangu," Mama Mdogo akasema, "unanisikia? Sare za muhula mpya zimefika kama mvua. Nimekushikia nafasi mpaka nimechoka. Kuna binti wa jirani, mama yake kila siku yuko mlangoni kwangu. Meli ya Jumamosi hii usipokuwemo, nampa yeye cherehani. Sikulazimishi. Unasikia?"

"Nasikia, Mama Mdogo."

"Unakuja?"

Kulikuwa na shuka mbele yangu, jeupe, linapepea. Nikasema, "Baba alipokea jino."

Mama Mdogo ni mtu wetu, hakuhitaji kuelezwa. Akasema, "Zungumza na baba yako." Akakata.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi ndiyo siku ambayo wageni hurudishiwa sauti. Wanaketi mduara chini ya paa la makuti, mmoja mmoja anasema alichopata. Mimi niliketi mahali pangu, Kelera akipitisha maji ya madafu. Mwanamke mmoja wa Auckland, nywele fupi, alisema, "Nilikuja hapa nikitaka vitu vingi. Nilimtazama huyu msichana kila asubuhi, nikajifunza kuacha kutaka." Wakaweka mikono kifuani wote, wakanigeukia.

Desmond akasema yeye alichojifunza ni magimbi. Walicheka, hata Bi Corinne.

Halafu mtu mmoja akamwuliza Bi Corinne jinsi alivyopata mahali hapa. Akaanza kueleza habari za ardhi, mto, kimbunga kilichoezua paa na namna wanakijiji walivyolirudisha bila kudai malipo. "Sikujua niwashukuru vipi," akasema. "Inoke akaniambia habari za jino la nyangumi. Nikalitafuta. Nikalipeleka kwa baba yake Vasiti, nikaketi kwenye mkeka ule, na lilikuwa jambo safi kuliko yote niliyowahi kufanya, kwa sababu sikuomba kitu. Hata kimoja. Nilisema asante, basi."

Nilimsikia. Nilirudia maneno yake kichwani kwa Kiingereza, kisha kwa lugha yetu, nikidhani nimekosea. Kelera alikuwa amesimama na dafu mkononi, mdomo wazi. Naye alikuwa amesikia hivyohivyo.

Tulimkuta Mjomba Inoke nyuma ya jiko akimenya mihogo. Kelera hakumsalimu.

"Baba, siku ile ya jino, huyu mama alikutuma useme nini?"

"Niseme asante kwa paa."

"Na wewe ukasema nini?"

Mjomba akaendelea kumenya. "Nilisema vizuri."

"Ulimwomba Vasiti!"

"Sasa ulitaka niseme nini?" Akaweka kisu chini. "Jino bila ombi? Umewahi kuona wapi? Mtu analeta jino la nyangumi, anapiga magoti, halafu anasema hatutaki kitu, kwaheri? Baba yake Vasiti asingelala. Angejiuliza huyu mzungu anataka nini. Angedhani anataka ardhi yote mpaka mlimani. Ningemwaibisha mgeni na kumtisha shemeji yangu siku hiyohiyo."

"Kwa hiyo ukampa Vasiti."

"Nilitafuta kitu chepesi." Alinitazama kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kifaranga. "Mwanangu, wewe tayari ulikuwa unafanya kazi kule. Niliomba kitu walichokuwa nacho tayari, ili kisimgharimu mtu chochote. Sikujua unataka kwenda mahali. Ulikuwa unataka kwenda mahali?"

Kelera akadakia, "Labasa! Kwa Mama Mdogo, kushona! Jumamosi hii!"

"Mbona hakusema?"

Kelera alinivuta mkono tukaondoka. Alinivuta hadi kwenye baraza la Bi Corinne, akanisukuma mbele, akaona sifungui mdomo, akazungumza yeye. Bi Corinne alisikiliza. Akaweka viganja mashavuni.

"Mungu wangu," akasema. "Lakini hakuna mtu anayemshikilia! Vasiti, mpenzi, uko huru. Kila mtu hapa yuko huru."

"Basi mwambie baba yake," Kelera akasema. "Kwa jino."

"Jino jingine? Lile lilinichukua miezi kulipata. Nitamwambia kwa mdomo, nitamwandikia, chochote."

Kelera alinitazama. Sote wawili tulijua. Neno la mdomo haliwezi kuvunja neno la jino. Baba angemsikiliza kwa heshima, angempa chai, na mambo yangebaki palepale.

Bi Corinne akasogea, akaniinamia karibu kabisa, nikaona mafuta ya jua yaliyojikusanya kwenye mikunjo ya macho yake. Hakuwa mtu mbaya. "Lakini nikuulize," akasema. "Wewe mwenyewe unataka kuondoka? Maana nikikutazama asubuhi naona mtu aliyekwisha kufika."

Uso wangu una tabia yake. Mtu akiutazama kwa karibu hutabasamu. Ndivyo ulivyo tangu nikiwa mdogo, walimu walinipiga kwa ajili hiyo wakidhani nawacheka. Ukatabasamu.

"Unaona?" Bi Corinne akamwambia Kelera, kwa upole.

Kelera alitangulia mbele kwa hasira njia nzima. Tulipofika kwenye migomba akageuka. "Una nini wewe? Nimekubebea maneno mpaka mgongo umepinda, na wewe unachekacheka!"

"Sikucheka."

"Basi ulifanya nini?"

Sikujua jina la nilichofanya.

Ijumaa alasiri Mjomba Inoke alikuja nyumbani na mizizi ya kava, ya kukamua kinywaji cha mazungumzo, imefungwa kwenye gazeti. Aliiweka mbele ya baba kwa adabu, kama mtu mwenye kosa.

"Shemeji, hii umenunua au umeing'oa shambani kwangu?" baba akauliza.

"Nimeing'oa kwako, lakini nimeiosha mwenyewe."

"Kuosha unajua? Mbona basi miguu yako huioshi?"

Waliniita nikachanganye. Niliketi nyuma ya bakuli kubwa la mbao, nikakamua mizizi kwenye maji mpaka yakawa kama ya mtoni baada ya mvua. Kelera aliketi nyuma yangu, goti lake limegusa mgongo wangu. Mjomba alipokunywa kikombe cha kwanza akasema yote. Hakujificha. Alisema jino lilikuwa la shukrani, na ombi lilikuwa lake.

Baba akasema, "Kwa hiyo niliyapigia makofi maneno yako."

"Maneno yangu, jino lake."

"Nilishangaa siku ile. Nikasema huyu mzungu amejulia wapi kuomba vizuri hivi." Hakuwa anacheka sasa. "Jino lenyewe limeshaondoka, Inoke. Nililipeleka kwenye msiba wa watu wa ng'ambo, na wao nasikia wamelipeleka harusini. Siwezi kulifuata nyumba kwa nyumba nikiuliza, samahani, ulipopita kwangu ulisema nini. Neno nililipokea mbele ya watu. Nikiliacha lianguke hivihivi, kesho nani ataleta jino kwenye nyumba hii?"

"Najua, shemeji."

"Lakini mtoto ni wangu." Akanyoosha mkono kuelekea kwangu bila kunitazama, kama anavyoelekeza bahari. "Angelalamika hata siku moja, ningetafuta jino. Ningeliomba kwa yeyote, ningekwenda kupiga magoti mimi mwenyewe mbele ya yule mama alirudishe neno. Nimekuwa nikimwangalia. Anaamka, anakwenda, anarudi, anapika. Sijasikia hata mguno. Nikasema basi, ameridhika, ni mahali pake." Sasa akanigeukia. "Vasiti. Una lalamiko lolote?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha kifuu cha nazi, kimejaa, naelekea kumpa. Goti la Kelera lilinichoma mgongoni. Mjomba aliinamisha kichwa. Baba alisubiri. Lazima niseme hili kwa haki yake, alisubiri kweli. Alisubiri mpaka nikasikia majirani wakipasua kuni, wakamaliza gogo moja wakaanza jingine. Hakuna mwanamume kijijini ambaye angemsubiri binti yake muda wote ule mbele ya shemeji yake.

Maneno yalikuwepo. Niliyahisi yote yamesimama nyuma ya meno. Na mbele yao ulikuwa ule uso wangu, umeanza tena.

Nilimpa kikombe.

Kwetu msichana akiulizwa akanyamaza, amejibu. Baba akanywa mpaka mwisho, akapiga kofi moja zito, akasema, "Basi." Nyuma yangu goti la Kelera liliondoka. Aliinuka akatoka, nikasikia mlango wa jiko ukigongwa na ndoo ikipigwa teke.

Jumamosi kundi jipya lilikuwa limeshafika. Niliketi mbele. Jua lilikuwa linaingia kwa upande, linapita kwenye nywele za wageni. Mto ulikuwa unasema maneno yake. Ndipo nikasikia honi ya meli kule chini, ndefu, kisha injini ikibadilisha sauti, ile sauti ya kurudi nyuma kutoka gatini. Wageni waliisikia pia. Wengine walifungua macho.

"Sauti inakuja," Bi Corinne akasema polepole nyuma yao. "Msiifuate. Iacheni ipite. Mtazameni Vasiti, anaiacha ipite."

Wakanitazama. Niliifuata sauti ile. Niliifuata kwenye mwamba, nikaifuata kwenye maji ya kijani mpaka yanapogeuka meusi, nikaifuata mpaka masikio yakauma kwa kuitafuta na pakabaki mto peke yake. Mguu ulikuwa umekufa ganzi. Sikuusogeza.

Tangu siku hiyo baba ananisifu kwa watu. Anasema binti yangu hana neno. Wageni wanaporudi kwao wanaandika kwamba wameona amani ina uso. Wote wanasema kitu kimoja, na wote wanakitoa kwangu, na mimi sijawahi kuwapa.

Baba, ninalo lalamiko. Sina amani ile wanayoiona, nina haya tu. Nataka kwenda. Nilitaka kwenda siku ileile, nimesimama mlangoni na chai, na ungegeuka kuniuliza kabla ya kunyoosha mikono, nadhani ningesema.